Wawili Katika Nyumba Yenye Magurudumu

Mazungumzo ya redio

  

Leo nataka tuzungumze juu ya wazee wawili, mume na mkewe, na safari yao. Si safari ya kwenda harusini wala mazishini, ambazo ndizo safari za wazee wetu wengi. Ni safari ya miezi mitatu katika nchi za Ulaya ya magharibi, ndani ya nyumba yenye magurudumu. Huenda mtu akauliza, "Mambo hayo yatanifaa nini mimi niliye Kakamega au Machakos?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Nyumba yenyewe ni ndogo, lakini yaliyomo ni makubwa, na mengi yamo nyumbani mwako pia.

Kwanza niieleze nyumba hiyo. Ni motokaa ndefu, urefu wake kama mita saba hivi. Nyingi hujengwa juu ya gari dogo la mizigo, kama lile liitwalo Fiat Ducato. Mbele pana kiti cha dereva na kiti cha mwenzake. Nyuma yao pana meza ndogo, jiko la gesi, beseni la kuoshea vyombo, friji, kabati za nguo, choo kidogo chenye bomba la kuogea, na kitanda. Chini pana tangi la maji safi na tangi lingine la maji machafu. Ukisimama katikati na kunyosha mikono yako, karibu utaugusa ukuta huu na huu.

Katika Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi wako wazee maelfu wanaosafiri kwa gari la namna hii baada ya kustaafu. Kazi imekwisha, watoto wameoa na kuolewa, na malipo ya uzeeni yanaingia kila mwezi. Baridi ikianza, wengi hushuka kusini kwenda Hispania na Ureno, kama wafanyavyo ndege.

Hebu tuwachukue wawili wawe mfano wetu. Sitawapa majina, maana walio kama wao ni wengi. Tuseme mume alikuwa meneja wa benki katika mji mmoja wa Uingereza, na sasa ana miaka 68. Mkewe alikuwa muuguzi, ana miaka 66. Wameoana miaka 41. Watu wote wanasema, "Tazama jinsi walivyokaa pamoja miaka mingi!" Lakini je, wamekaa pamoja kweli? Mume aliondoka asubuhi akarudi jioni. Mke alifanya kazi kwa zamu, mara mchana, mara usiku. Walikutana mezani, walikutana kanisani, walikutana mtoto alipougua. Sasa, kwa mara ya kwanza, wamefungiwa katika chumba kimoja kidogo usiku na mchana. Basi tuwafuate tuone.

Mizani

Jambo la kwanza lilikuwa mizani. Madereva wetu wa malori wanaijua mizani ya Mariakani na ya Gilgil. Wazee hawa nao wana mizani yao. Gari lao haliruhusiwi kuzidi kilo 3,500 pamoja na kila kitu kilichomo, maana hicho ndicho kipimo cha leseni ya kawaida ya motokaa. Huko Uingereza, aliyefaulu mtihani wa udereva kabla ya mwaka 1997 aliruhusiwa kuendesha gari la mpaka kilo 7,500. Lakini akifika miaka 70 ruhusa hiyo humtoka, isipokuwa daktari ampime na kuona kwamba bado anafaa. Kwa hiyo wengi huchagua lile jepesi mapema, wasije wakanyang'anywa usukani uzeeni.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme gari tupu lina kilo 3,000. Zimebaki 500. Mume na mke pamoja ni kilo 150. Zimebaki 350. Maji safi lita 100, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Zimebaki 250. Mitungi miwili ya gesi, kilo 50. Baiskeli mbili na chuma cha kuzibebea, kilo 50 tena. Zimebaki 150. Katika hizo 150 tia matandiko, nguo za baridi na nguo za jua, sufuria, sahani, viti vya kukalia nje, chakula, dawa na vitabu. Umeona jinsi nafasi inavyokwisha?

Mzee alitaka kuchukua masanduku mawili ya chuma yaliyojaa vifaa vya kutengenezea gari. Mama alitaka vyombo vya chai alivyoachiwa na mama yake, pamoja na vitabu vya picha za watoto. Pale ndipo ugomvi wa kwanza ulipoanza. Mume akasema, "Vyombo vya chai vya nini barabarani?" Mke akajibu, "Na wewe, tangu lini umekuwa fundi?" Kila mmoja aliuona mzigo wa mwenzake kuwa mzito, na wa kwake kuwa wa lazima.

Walipatanaje? Walikubaliana kwamba hakuna atakayeshusha mzigo wa mwenzake. Kila mmoja atashusha wake mwenyewe. Mzee akaacha sanduku moja. Mama akaacha vyombo vyote isipokuwa vikombe viwili, na akachagua picha nne tu.

Lakini wasikilizaji, uko mzigo usioonekana kwenye mizani. Tuseme mwaka 1989 mume alikubali uhamisho wa kazi kwenda mji mwingine bila kumwuliza mkewe. Mke akaacha hospitali aliyoipenda na rafiki zake wote. Akanyamaza. Akanyamaza miaka zaidi ya 30. Katika nyumba yenye vyumba vitano mtu aweza kunyamaza hivyo, maana ana pa kwenda. Lakini wiki ya kwanza ya safari mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na gari likawa halina pa kukimbilia. Neno likatoka. Mzee akasikiliza, kwa kuwa hapakuwa na gazeti wala bustani ya kujifichia. Mwisho akasema, "Nilikukosea, na sikuwahi kukuambia." Siku ile gari likawa jepesi kuliko siku waliyoshusha sanduku la chuma.

Siku zimehesabiwa

Jambo la pili lilikuwa hesabu ya siku. Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Tangu 1 Januari 2021 raia wa Uingereza anayetembelea zile nchi za Ulaya zinazoitwa nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, huruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila siku 180, asipokuwa na kibali kingine. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa. Haisaidii kutoka Ufaransa ukaingia Hispania, wala kutoka Hispania ukaingia Ureno. Hesabu ni moja tu kwa nchi zote hizo.

Basi mama alibandika karatasi mlangoni mwa kabati, akachora visanduku 90. Kila jioni alikata kimoja kwa kalamu.

Mtu anayejua ana siku 90 hazitumii kama mtu anayedhani siku zake hazina mwisho. Haweki ugomvi mpaka kesho. Hasemi, "Mlima ule tutautazama mwaka ujao." Hupima: hapa tukae siku mbili, pale siku tano, na siku chache za akiba tuziache kwa ajili ya lisilotazamiwa. Tena hakimbii. Mwenye kukimbia kutoka mji hadi mji apate kusema ameiona Ulaya yote, huyo hurudi na uchovu na picha tu.

Sisi Wakristo tunajua kwamba Zaburi ya 90, iliyo maombi ya Musa, inaomba jambo hilohilo: tufundishwe kuzihesabu siku zetu, tupate hekima. Haikuandikwa ili kututisha. Anayehesabu fedha zake si lazima awe maskini. Huenda ni mwenye busara tu. Wewe uliyestaafu, umeketi ukahesabu? Au bado unasema, "Nikipata nafasi nitazungumza na mama watoto"?

Kiti cha kushoto

Sasa wamevuka bahari kwa meli kutoka Dover mpaka Calais, safari ya saa moja na nusu hivi. Wangeweza pia kupita katika ile njia iliyochimbwa chini ya bahari na kufunguliwa mwaka 1994, ambamo magari hubebwa juu ya gari la moshi kwa muda wa dakika 35. Lakini mama alitaka kuyaona maji.

Wakatoka melini, na hapo dunia ikageuka. Huko Uingereza, kama hapa kwetu Kenya, magari hupita upande wa kushoto, na usukani uko kulia. Ufaransa, Hispania na Ureno magari hupita upande wa kulia. Madereva wetu wanaovuka kutoka Uganda kuingia Rwanda wanajua jambo hili. Gari limekuwa kwenye upande mgeni, na dereva ameketi karibu na mtaro wa barabara. Mbele yake pakiwa na lori, haoni kama njia ni nyeupe. Akijaribu kulipita kwa kubahatisha, huenda akakutana uso kwa uso na basi.

Nani anayeona? Ni yule aliyeketi kiti cha kushoto, upande wa katikati ya barabara. Hana usukani, hana breki, lakini njia anaiona. Mama akawa anasema, "Ngoja. Ngoja bado. Sasa pita." Na kwenye barabara za kulipia za Ufaransa, kibanda cha malipo kiko upande wa kushoto. Kwa hiyo mama ndiye aliyefungua dirisha, akatoa pesa, akapokea risiti.

Mzee alikuwa mtu wa kuamuru. Katika benki aliongoza wafanyakazi 30. Siku mbili za kwanza alikasirika kila alipoambiwa "ngoja". Siku ya tatu aliambiwa ngoja, akangoja, na kumbe lori la mafuta likapita mbele yake kwa kasi. Tangu hapo hakukasirika tena.

Baba unayenisikiliza, wewe unashika usukani wa nyumba yako, na pengine umeushika vizuri. Lakini yako mambo ambayo kutoka kwenye kiti chako huwezi kuyaona. Mkeo huona kwamba kijana wenu ameanza kulewa. Mkeo huona kwamba ndugu yule anayekuja na habari za biashara ya haraka anakitazama kiinua mgongo chako tu. Akikuambia, "Baba Fulani, ngoja," usiseme, "Mwanamke anajua nini?" Mwulize anaona nini.

Kazi ya mwenzako

Kutoka Calais walielekea mashariki mpaka jimbo la Alsace, karibu na mpaka wa Ujerumani. Huko uko mji mdogo uitwao Kaysersberg, alikozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875. Alikuwa mwana wa mchungaji, akawa mwalimu wa theolojia na mpiga kinanda hodari. Alipofika miaka 30 alianza kusomea udaktari ili aje kuwatibu wagonjwa Afrika, na mwaka 1913 alifika Lambaréné katika Gabon. Wengi wanamjua yeye. Si wengi wanaomjua mkewe, Helene. Huyu alikuwa binti wa profesa, na uuguzi haukuwa kazi yake. Lakini alijua safari inaelekea wapi, akajifunza uuguzi kabla ya kuondoka. Kule Lambaréné alitunza vyombo vya upasuaji, na wakati wa kupasua ndiye aliyewapa wagonjwa dawa ya usingizi. Hakungoja mpaka mume aite. Alikuwa amejitayarisha.

Mama yetu muuguzi alitafakari sana habari ya Helene. Usiku ule, wamekaa nje ya gari, alimwuliza mumewe, "Ukiugua tukiwa mbali, gari hili nitalifanyaje? Mimi nimezoea motokaa ndogo tu. Sijui hata mtungi wa gesi unafungwaje." Mzee akacheka kwanza. Kisha akanyamaza. Akasema, "Na wewe ukiugua, mimi nitakula nini? Sijui hata kupika wali."

Basi wakafanya patano. Kila siku mmoja atamfundisha mwenzake kazi moja. Mama akajifunza kufunga mtungi wa gesi na kunusa kama unavuja. Akajifunza kupima maji ya betri na upepo wa magurudumu, na kujaza tangi kwa mpira wa maji. Kila asubuhi barabara ikiwa tupu alishika usukani kwa kilomita 20 au 30. Mzee naye akajifunza kupika. Wali wa kwanza uliungua, wa pili ulikuwa uji, wa tatu ukaliwa.

Iko kazi moja ambayo hakuna aliyeitaka. Choo cha gari lile kina kisanduku chini yake, na kisanduku hicho kikijaa lazima kibebwe kwa mkono mpaka mahali pa kumwagia, kisha kioshwe. Fikirini meneja wa benki, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, akipita asubuhi mbele ya majirani akibeba kisanduku cha choo! Mwanzoni alikuwa akienda kabla jua halijatoka, asionekane. Baadaye aliwaona wengine, huyu alikuwa daktari, yule alikuwa hakimu, wote wamebeba visanduku vyao na wanasalimiana. Akaanza kwenda mchana.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 twakutana na mume na mke walioishi katika safari, Akila na Prisila. Walitoka Rumi kwa sababu Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi. Wakakaa Korintho, kisha wakaenda Efeso. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Kitabu hakisemi kwamba mume alishona na mke akatazama. Kinasema kazi ilikuwa yao. Na Apolo alipohitaji kufundishwa zaidi, walimchukua wote wawili, wakamweleza. Popote wanapotajwa katika Agano Jipya wanatajwa pamoja. Ni vigumu kumtaja mmoja bila mwenzake, kwa sababu kila mmoja aliijua kazi ya mwenzake.

Mnara wa Aigues-Mortes

Kutoka Alsace walishuka kusini wakifuata mto Rhône, hata wakafika Aigues-Mortes, mji wa kale wenye ukuta wa mawe pande zote, karibu na bahari ya Mediterania. Pana mnara mkubwa wa mviringo uitwao Mnara wa Constance. Humo walifungwa wanawake Waprotestanti, zamani ibada yao ilipokatazwa katika Ufaransa. Mmoja wao alikuwa Marie Durand. Alifungwa mwaka 1730, akiwa kijana asiyefika miaka 20. Ndugu yake Pierre alikuwa mchungaji, naye alinyongwa mwaka 1732. Mwenzi wake alifungwa katika ngome nyingine. Marie alitolewa mwaka 1768. Yaani alikaa mnarani miaka 38.

Katika jiwe la sakafu ya juu bado lipo neno moja lililochongwa, lenye maana ya kusimama imara bila kukubali kushindwa. Husemwa kwamba ni yeye aliyelichonga. Lakini mama yetu alivutwa zaidi na jambo jingine. Marie alijua kuandika. Aliandika barua nyingi za kuomba msaada kwa ajili ya wafungwa wenzake, na nyingine zipo hata leo. Aliondolewa mwenzi wake, ndugu yake na kwao. Kalamu alibaki nayo, na kwa hiyo aliwafaa wengine.

Wale wawili walitoka mnarani kimya. Wao walikuwa wanalalamika juu ya siku 90.

Siku ya 63

Sasa wako kusini mwa Ureno, karibu na mji wa Lagos. Si Lagos ya Nigeria, ingawa jina ni lilelile, nalo lililetwa huko na Wareno. Jua ni zuri, machungwa ni tele. Visanduku 62 vimekatwa.

Asubuhi ya siku ya 63 mzee anaamka, na mkono wake wa kulia hauna nguvu. Anataka kusema neno, ulimi ni mzito. Mkewe ni muuguzi, anatambua mara moja kwamba ni kiharusi, na kwamba kila dakika ina thamani. Anapiga simu 112, nambari ya hatari inayotumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Gari la wagonjwa linakuja, linamchukua mzee. Mama anabaki peke yake, na nyumba ya mita saba, katika nchi ambayo lugha yake haijui.

Hapa tusimame kidogo, wasikilizaji. Mngalimwona mama yule kama hakuwa amejifunza kitu! Angalikaa ngazini akilia. Hajui bima iko karatasi ipi. Hajui kufunga gesi. Hawezi kulifuata gari la wagonjwa. Uchungu wa mumewe ungeongezwa na aibu ya kutojua.

Lakini yeye alijua. Alifunga mtungi, akafunga madirisha, akachukua bahasha ya karatasi zao, ambayo waliiweka mahali pamoja wanapopajua wote wawili. Akashika usukani, mikono ikitetemeka, akaenda hospitali polepole. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia ngoja au pita. Basi hakulipita gari lolote. Akafika.

Mzee alilazwa siku 11. Kwa kuwa alifikishwa mapema, ulimi ulirudi, na miguu ikatembea. Mkono ulibaki dhaifu. Madaktari walipomruhusu, walikuwa na siku 16 tu katika karatasi ya kabati. Kutoka Lagos mpaka Santander, bandari ya kaskazini mwa Hispania ambako meli za Uingereza huondoka, ni zaidi ya kilomita 1,000. Mama aliendesha kila siku kidogo kidogo. Na mzee aliketi kiti cha kushoto. Mkono haukufaa kitu, lakini macho yalikuwa mazima. Akawa anasema, "Ngoja, mama. Ngoja bado. Sasa pita." Jioni alipika wali kwa mkono mmoja. Siku ya 85 wakaingia melini.

Na sisi je?

Wapenzi wasikilizaji, sisi hatuna gari lile, na wengi wetu hatulihitaji. Lakini safari ile tunayo. Hapa Kenya, tangu mwaka 2009 mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Baba aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa miaka 30 anarudi nyumbani na sanduku lake. Alikuwa akija likizo na Krismasi. Mkewe amelima, amesomesha, amejenga, ameamua mambo yote peke yake. Sasa wanakutana jikoni kama wageni. Mume hajui ng'ombe yupi ana mimba. Mke hajui pesa za ushirika ziko wapi. Nyumba ni kubwa kuliko gari, lakini inaweza kuwa nyembamba zaidi.

Tena tuseme wazi jambo ambalo hatupendi kulisema. Kati ya wawili, mmoja hutangulia. Ni wachache sana wanaoondoka siku moja. Kumfundisha mwenzako kazi yako si kumtakia mabaya. Ni kumpenda mpaka ng'ambo ya siku zako mwenyewe.

Kwa hiyo nawapa kazi ya wiki hii, na si kazi kubwa. Baba, mwonyeshe mkeo hati ya shamba iko wapi. Mwambie ni nani unayemdai na ni nani anayekudai, hata kama kuna deni unaloona haya kulitaja. Kisha ingia jikoni ujifunze kupika chakula kimoja mpaka kiive. Mama, mweleze mumeo dawa zako za presha ni zipi na zanywewa saa ngapi. Mwonyeshe mahali unapoweka akiba ya chama. Kisha mwulize akufundishe ile kazi uliyomwachia yeye siku zote. Na kama kuna neno la mwaka 1989, au la mwaka wowote, lisemeni kabla mvua haijawafungia ndani.

Najua wako wanaonisikiliza ambao kiti cha pili nyumbani mwao tayari ni kitupu. Mama mjane, baba mjane, hatukukusahau. Yale uliyojifunza kwa mwenzako bado yako mikononi mwako. Labda yuko jirani asiyejua kusoma barua ya hospitali, au kijana asiyejua kupogoa kahawa. Mfanyie kama Marie alivyowafanyia wenzake kwa kalamu yake. Nasi tulio na majirani wa namna yako, tusikuache uendeshe peke yako barabara ndefu. Tuje tuketi kando yako.

Bwana aliyekuwa pamoja na Akila na Prisila njiani, na awe pamoja nanyi katika nyumba zenu, zenye magurudumu na zisizo na magurudumu. Awape kuzihesabu siku bila hofu, kuupunguza mzigo bila uchungu, na kuishika kazi ya mwenzako kwa furaha.